Je, Kompyuta Inaweza Kusoma Hadithi?



Ndugu wasomaji, kwetu Ndungu, wilayani Same, neno Japani hutukumbusha mpunga, kwa kuwa skimu yetu ya umwagiliaji ilijengwa kwa msaada wa nchi hiyo. Leo tuangalie jambo jingine kutoka huko: kompyuta inayochambua hadithi fupi.

Mwandishi Hoshi Shinichi (1926–1997) aliandika hadithi fupi zaidi ya 1,000. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Profesa Matsubara Hitoshi walianza kuzichambua, ili kompyuta ijifunze kutunga kama yeye. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba hadithi iliyotungwa hivyo ilivuka mchujo wa kwanza wa shindano lenye jina la Hoshi. Hata hivyo, muundo wake ulipangwa na watu.

Uchambuzi wa namna hii hufanyikaje? Hadithi hukatwa katika matukio, na kila tukio hupewa alama: mtu anaondoka, anapata shida, anarudi. Kisha kompyuta hulinganisha mifuatano ya alama katika hadithi nyingi na kuonyesha inayojirudia. Mrusi Vladimir Propp alifanya kazi ya aina hiyo bila kompyuta. Mwaka 1928 alieleza matendo 31 yanayojirudia katika ngano za kwao. Zamani zaidi, Aristotle alifundisha kwamba kisa kizima kina mwanzo, kati na mwisho.

Tujaribu mfano wa Mwana Mpotevu (Lk 15:11-32). Kijana anaondoka, anatapanya mali, anapata njaa, anarudi, baba anamkimbilia, karamu inaandaliwa. Kompyuta ingeweza kuweka alama hizo zote. Lakini kaka mkubwa amebaki nje, na Injili haisemi kama aliingia. Kompyuta ingeweza hata kuonyesha kwamba tukio la mwisho halipo. Kulijaza haiwezi, maana anayelijaza ni msikilizaji. Mtu aliyenuniana na ndugu yake kwa sababu ya jaruba la mpunga, akilisikia somo hili Dominika, anajua ni nani amesimama nje ya mlango.

Basi sisi mafrateri tusikiogope chombo hiki. Mjesuiti Roberto Busa alianza mwaka 1949 kushirikiana na kampuni ya IBM kupanga maneno ya Mtakatifu Thoma wa Akwino, na wanafunzi wa falsafa wamefaidika. Kompyuta itusaidie kuona hadithi imejengwaje. Kuingia ndani kwenye karamu ni juu yetu wenyewe.