Duka la Mlimani Baada ya Kagera (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia mwaka 1945, askari wa K.A.R., jeshi la mkoloni Mwingereza, wakirejea Upare na kukuta maelfu ya wanaume wameshuka milimani hadi Same kuipinga kodi ya mbiru. Leo tunawatazama wana wao: vijana wa vijiji kama Msangeni, Ugweno, waliokwenda kwenye vita vya Kagera kisha wakarudi kuuza chumvi na sabuni.

Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka wa Tanzania mwishoni mwa Oktoba 1978. Jeshi letu halikutosha kwa kazi iliyokuja, likapanuliwa haraka kwa kuingiza polisi, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na makumi ya maelfu ya mgambo kutoka vijijini. Hapo ndipo mkulima wa kahawa alipokabidhiwa bunduki. Masaka ilitekwa Februari 1979, huko Lukaya askari wetu wakapambana na Walibya waliomsaidia Amin mwezi uliofuata, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili, na mapema Juni walikuwa wamefika mpaka wa Sudan.

Habari za mizinga tunazo za kutosha. Za mgambo aliyerudisha sare na kupanda mlima kutoka Mwanga kwenda kwao, hatuna hata robo. Hakuwa mwajiriwa wa kudumu wa jeshi. Maisha yake yalikuwa shamba alilomwachia mkewe, na kama alibana vijisenti, chumba kimoja kando ya barabara chenye rafu za mbao.

Alifungua duka wakati mbaya kuliko wote. Operesheni Maduka ya 1976, iliyofunga maduka ya watu binafsi, ilikuwa imekwisha kumtia doa mfanyabiashara binafsi, aonekane mnyonyaji mbele ya duka la ushirika. Vita vyenyewe vinakadiriwa kuligharimu taifa dola milioni 500. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, na bei ya mafuta ikapanda tena 1979. Rais, Mwalimu Nyerere, aliwaomba wananchi wafunge mkanda miezi 18. Mkanda ukafungwa miaka.

Bidhaa zilitoka kwa mgawo kupitia kampuni ya biashara ya mkoa, RTC, na kufika juu Ugweno zikiwa zimepungua. Sukari, sabuni ya mche, mafuta ya taa, khanga: vyote vilisubiriwa. Mzigo ukija, balozi wa nyumba kumi alijua nani ana msiba, nani amejifungua, nani apewe kwanza. Mwenye duka alipima kilo moja moja mbele ya macho ya kijiji kizima, naye akijua kwamba akificha mfuko mmoja chini ya meza ataitwa mlanguzi. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine alipowasha vita dhidi ya wahujumu uchumi, jina hilo liliweza kumpeleka mtu kizuizini. Nasema wazi: kampeni ile ilikuwa na sababu ya haki, kwa maana walanguzi wakubwa walikuwapo kweli, lakini hofu yake ilimfikia hata mtu mwenye katoni mbili za viberiti, aliyekuwa amelala kwenye mahandaki ya Uganda kwa ajili ya nchi hiyohiyo.

Kilichombakiza kazini ni daftari la madeni. Fedha za Ugweno zilikuja na kahawa, na kahawa hulipwa kwa msimu. Kati ya msimu na msimu watu walikula kwa jina lao lililoandikwa kwa kalamu ya risasi, naye akachukua mzigo kwa mali kauli kwa wenye maduka makubwa wa chini. Madaftari hayo yanaliwa na mchwa majumbani, na mimi naona ni hasara kubwa. Gharama ya Kagera kwa mlo wa familia ya mlimani imeandikwa humo vizuri zaidi kuliko katika kumbukumbu za wizara yoyote. Makaburi ya Kaboya, walikozikwa askari wa vita hivyo, tunayatunza, na ni sawa. Madaftari haya nayo yanahitaji mlinzi.

Nafuu ilisomwa bungeni Juni 1984. Waziri wa Fedha, Cleopa Msuya, mzaliwa wa Usangi, milima jirani kabisa na Ugweno, aliruhusu wenye fedha zao za kigeni waingize bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi. Rafu zikajaa. Bei nayo ikapaa, na deni la sabuni la 1982, lililoandikwa kwa shilingi za wakati ule, likawa halina maana kulidai.

Juma lijalo: mwaka 1989, mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika, na yaliyompata mwenye duka.