Kivu Kusini: Kabla ya kuwasha moto shambani, piga picha za wadudu wa maua ya pori

Mwezi wa nane unapokaribia kwisha, vilima vya Kabare na Walungu vimekauka. Wakulima wanakata majani na kuyachoma ili kutayarisha msimu A, unaoanza mvua inaporudi mwezi wa tisa. Lakini pembeni ya mashamba kuna mimea ya pori ambayo bado inachanua, na wadudu wanakuja kutafuta chakula hapo.

Angalia ule mmea wenye maua madogo meupe na moyo wa manjano, ambao mbegu zake nyeusi zinanasa kwenye nguo. Wengi wanauona ni majani mabaya tu. Simama mbele yake dakika kumi. Utaona nyuki, vipepeo, na nzi wenye mistari ya manjano na nyeusi ambao watu wanawadhania nyuki. Picha inasaidia kuwatofautisha: nyuki ana mabawa manne, nzi huyo ana mawili tu na macho makubwa. Hachomi mtu. Tena, funza wa aina nyingi za nzi hao wanakula wadudu wadogo wanaofyonza maji ya majani ya maharagi.

Kamera ya bei kali haihitajiki, simu inatosha. Toka asubuhi kungali baridi, kwani wadudu wanasogea polepole. Usitupe kivuli juu ya ua. Gusa kioo cha simu pale mdudu alipo, kisha piga picha kadhaa: kutoka juu, kutoka pembeni, na ya mmea wenyewe. Andika tarehe na mahali. Mwenye intaneti anaweza kuzituma kwenye iNaturalist, programu ya bure ambamo watu wa dunia nzima wanasaidia kutambua viumbe. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, na usipige picha karibu na kambi ya askari.

Faida iko wapi? Boga lina ua dume na ua jike. Bila mdudu wa kubeba chavua, hakuna tunda. Kahawa nayo inazaa zaidi ikitembelewa na nyuki. Wadudu hao wanahitaji kula sasa, shamba likiwa tupu. Moto ukifika hadi mpakani, unawanyima chakula na makao. Dawa ikipuliziwa kwenye maua, inaua rafiki pamoja na adui.

Mmea huo ukiota katikati ya maharagi, ung'oe. Lakini acha ukanda mdogo pembeni. Maboga yatakapochanua, rudi na simu yako ulinganishe picha: huenda utakuta wageni ni wale wale.