Ndara kuukuu zawapa wachongaji na waundaji jahazi malighafi mpya

KWA watu wengi, ndara iliyokatika kamba haina kazi tena. Hutupwa jalalani, mtoni au ufuoni, na mnunuzi hukimbilia dukani kutafuta jozi nyingine.

Lakini katika visiwa vya Lamu, pwani ya Kenya, ndara hizo zimezaa kazi mbili ambazo leo zinajulikana mbali: uchongaji wa sanamu za wanyama na uundaji wa jahazi la plastiki. Kazi zote mbili zinatumia ufundi wa jadi, zinahitaji mashine na ubunifu, na zina mafunzo kwa yeyote anayetaka kugeuza taka kuwa kipato.

Ya kwanza ilianzia kwenye mchezo wa watoto. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Julie Church, aliyekuwa akishughulika na uhifadhi wa bahari eneo la Kiunga, aliona watoto wa kisiwa cha Kiwayu wakijitengenezea vitu vya kuchezea kwa ndara zilizoletwa na mawimbi. Akina mama wa huko walihimizwa kuziokota, kuziosha, kuzikata na kuuza walichotengeneza.

Mradi huo mdogo ulikua na kuwa biashara ambayo sasa inaitwa Ocean Sole. Ina karakana jijini Nairobi na huuza twiga, ndovu, kasa na simba wa rangi mchanganyiko, kuanzia wa kutundikwa kwenye funguo hadi wanaokaribia ukubwa wa mnyama mwenyewe.

Utaratibu wa kazi si mgumu kueleweka. Ndara huoshwa kwa sabuni, hukaushwa na kupangwa kwa rangi. Kisha hugundishwa moja juu ya nyingine hadi zifanye bonge. Fundi huchonga bonge hilo kwa kisu kikali, halafu hulilainisha kwa msasa wa mashine. Kwa sanamu kubwa, umbo la ndani hutengenezwa kwanza kwa sponji ngumu, kisha hufunikwa kwa vipande vya ndara.

Baadhi ya mafundi wa kazi hii walitoka kwenye uchongaji wa mbao. Uchongaji wa Wakamba kwa ajili ya soko una historia ndefu. Mutisya Munge wa Wamunyu ndiye anayetajwa kuuanzisha baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akiwa ameuona ufundi huo Tanganyika. Biashara ilinawiri, lakini miti ya muhugu na mpingo ikapungua kwa sababu hukatwa kwa siku moja na hukua kwa miongo mingi.

Kuanzia miaka ya 1990, wachongaji walihimizwa kutumia mwarobaini na mwembe uliozeeka, miti ambayo mkulima anayo shambani. Ndara ni hatua nyingine ya safari hiyohiyo. Mkono na jicho la fundi vimebaki vilevile ingawa alichoshika ni kitu kingine.

Uhaba huo wa mbao umewabana pia waundaji wa vyombo vya baharini. Mashua na jahazi huhitaji mbao imara kama mvule na mbambakofi, pamoja na miti iliyopinda kiasili kwa ajili ya mataruma, yaani mbavu za chombo. Miti hiyo ni adimu na ghali. Mnamo Februari 2018, Serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, na njia ya kupata mbao ikazidi kuwa nyembamba.

Fundi asipopata mbao, mwanagenzi naye hapati pa kujifunzia. Ufundi huu kwa kawaida hauandikwi vitabuni. Hupitishwa kwa kushika tezo, msumeno na keekee chini ya macho ya mzee, na vyombo vingi huundwa bila mchoro wa karatasi. Kizazi kimoja kikikosa kazi, maarifa ya karne nyingi huenda nacho.

Ni katika hali hiyo ambapo kundi lililoanzishwa na Ben Morison lilimkabidhi Ali Skanda, fundi stadi wa Lamu, kazi ambayo wengi waliiona kama mzaha: kuunda jahazi kwa plastiki iliyotumika.

Taka zilikusanywa ufuoni na mijini, zikachambuliwa, zikasagwa, zikayeyushwa na kumiminwa katika kalibu ili zitoke zikiwa mbao nzito. Kutoka hapo, mafundi walizikata, wakazichonga na kuziunganisha kwa mtindo wa jahazi la Waswahili. Ubavu wa nje ulifunikwa kwa vipande vya ndara zipatazo 30,000, na chombo kikang'aa kwa rangi za kila aina.

Jahazi hilo lenye urefu wa takriban mita 9 lilipewa jina Flipflopi. Lilitumia plastiki ya tani 10 hivi na kushushwa majini Lamu mnamo Septemba 2018. Mapema 2019, lilisafiri kilomita zipatazo 500 hadi Zanzibar, likitia nanga njiani ili wakazi walione. Mwaka 2021 lilipelekwa Ziwa Victoria kwa kazi hiyohiyo ya kuhamasisha watu kuhusu taka.

Mafundi walilazimika kujifunza tabia za malighafi mpya. Plastiki hutanuka kwenye joto kuliko mbao, hulegea ikibebeshwa uzito kwa muda mrefu, na haina nyuzi za kumwongoza fundi anapochonga. Kwa upande mwingine, hailiwi na mchwa na haiozi.

Sifa hizo mbili zinamhusu hata mkulima wa bara, kwani plastiki iliyoyeyushwa kwa namna hii inaweza kutengenezwa nguzo za ua, viti na madawati. Anayetaka kununua nguzo hizo afanye hesabu ya miaka, si ya siku. Bei ya kuanzia huenda ikawa juu kuliko ya nguzo ya mti, lakini hazihitaji kubadilishwa kila mara. Hata hivyo, hazifai kubebeshwa paa zito bila ushauri wa fundi.

Je, kuna faida? Kosa linalowaangusha wengi ni kudhani kwamba taka ni malighafi ya bure. Tuchukue mfano wa hesabu tu, wala si bei ya soko. Mjasiriamali ananunua kilo 10 za ndara kwa Sh30 kila kilo, yaani Sh300. Usafiri ni Sh150, maji na sabuni Sh100. Jumla ni Sh550. Baada ya kuosha na kuchambua, kilo 4 hazifai. Kilo 6 zilizobaki zimemgharimu takriban Sh92 kila moja, mara tatu ya bei ya kununulia, kabla kisu hakijazigusa.

Na hiyo bado ni gharama ndogo. Ikiwa twiga mmoja anachukua siku moja na nusu, na siku ya fundi ni Sh1,000, mkono wa fundi pekee ni Sh1,500. Anayepanga bei kwa kutazama malighafi atauza kwa hasara huku akidhani amepata. Bei ya sanaa hupangwa kwa saa za kazi, gundi, msasa na vipande vilivyoharibika, kisha faida huongezwa juu.

Hesabu hiyo inamgusa pia mwokotaji. Ndara ni nyepesi na hujaza gunia upesi, hivyo anayelipwa kwa kilo hubeba mzigo mkubwa kwa pesa kidogo. Waokotaji wakiunda kikundi, wakaosha na kupanga ndara kwa rangi kabla ya kuuza, sehemu ya thamani ile ya ziada itabaki mikononi mwao.

Changamoto nyingine ni soko. Wanunuzi wakubwa wa sanamu ni watalii na wateja wa ng'ambo. Mwaka 2011, watalii waliposhambuliwa na kutekwa nyara Kiwayu na Manda, biashara ya visiwa hivyo iliyumba. Mwaka 2020, ndege za abiria kutoka nje zilisitishwa kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Agosti 1 kutokana na corona. Aliyekuwa na mteja wa aina moja alibaki na rafu zilizojaa.

Kwa hivyo ni busara kuwa pia na bidhaa ambazo Mkenya hununua: vitu vya kuchezea watoto, mikeka ya mlangoni na mapambo ya dukani.

Usalama nao usipuuzwe. Kuyeyusha plastiki kwenye sufuria nyumbani ni hatari, kwani baadhi ya aina hutoa moshi wenye sumu. Kazi hiyo iachiwe wenye mitambo ifaayo. Anayechonga na kupiga msasa avae barakoa, na chembechembe zifagiwe na kuwekwa gunini. Zikimwagwa mtaroni, zitarudi baharini zikiwa ndogo kiasi cha kumezwa na samaki.

Kabla ya kununua mashine yoyote, anayetaka kuanza atafute kwanza aliye na ujuzi wa kuchonga au useremala, akubaliane naye malipo, kisha watengeneze bidhaa chache na kuzipeleka kwa wateja watatu au wanne tofauti. Ndara zimejaa kila mahali na gundi inauzwa madukani. Fundi wa kweli huchukua miaka kupatikana, na ndiye anayefaa kulipwa vyema.