"Ndiyo" Yako Inamaanisha Nini Kwenye Kompyuta?

Rafiki yangu ana steshenari ndogo kwetu Ruaruke, Kibiti. Jioni moja alimaliza kuchapa orodha ya wakulima wa korosho, kurasa nne nzima, akafunga programu. Kikatokea kidirisha: "Hutaki kuhifadhi mabadiliko?" Ndiyo au Hapana. Akabonyeza Hapana, yaani "hapana, nataka kuhifadhi". Orodha yote ikapotea!

Kosa ni la nani? Hebu tuangalie lugha. Mswahili akiulizwa "Hujala?" akajibu "Ndiyo", maana yake ni kweli, hajala. Anakubaliana na kauli ya muulizaji. Mwingereza katika hali hiyohiyo husema "no". Sasa aliyetafsiri kidirisha kile alihamisha maneno, lakini mantiki ikabaki ya Kiingereza.

Programu za mezani kwa Kiswahili si jambo geni. Jambo OpenOffice, iliyotokana na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka mwaka 2004. Ila kutafsiri peke yake hakutoshi, vidirisha vinahitaji kanuni moja.

Kwanza, kitufe kiseme tendo. Badala ya Ndiyo na Hapana, weka "Hifadhi", "Usihifadhi" na "Rudi". Hapo hata asiyesoma swali anajua anachobonyeza. Jihadhari pia na swali kama "Unataka kughairi?" lenye vitufe "Sawa" na "Ghairi". Ghairi ipi sasa?

Pili, mpangilio usibadilike. Kwenye Windows kitufe cha kukubali kwa kawaida hutangulia kile cha kughairi. Kwenye Mac hukaa mwisho, kulia. Fuata desturi ya mfumo unaotumika, na usiigeuze kati ya dirisha moja na jingine, kwa sababu kidole kikishazoea hakisubiri macho.

Tatu, usiulize kila kitu. Mtu akiulizwa mara ishirini kwa siku, ya ishirini na moja anabonyeza tu. Kwa mambo madogo, mpe nafasi ya kutengua, kama Ctrl+Z inavyofanya. Swali libaki kwa yale yasiyorudishika.

Wewe unayejifunza kuandika programu, fanya jaribio hili: funika swali, mwonyeshe mtu vitufe tu, umuulize kila kimoja kitafanya nini. Akisita, rekebisha kabla orodha ya mtu mwingine haijapotea.