Jicho likiharibika mikononi mwa munganga: mtu wa Misisi ashitaki wapi?

Misisi hakuna mashine ya laser ya macho. Mwenye kuihitaji anapanda moto mpaka Baraka, anashika njia ya Uvira na Bukavu, ao anavuka ziwa kwenda Tanzania. Makuta ya dhahabu ya miezi mingi yanabaki kule. Sasa akirudi na jicho linaloona vibaya kuliko lile alilokwenda nalo, majirani wanamwambia: "Achana nayo, ni mapenzi ya Mungu." Sisi tunasema, ngoja kwanza.

Laser si kazi moja. Wengine wanapigwa ili waache miwani. Wengine walikwisha kutolewa mtoto wa jicho, kiisha ukungu ukarudi nyuma ya lensi. Wengine ni juu ya presha ya jicho ao kisukari. Ile ya kuacha miwani inachonga kioo cha mbele cha jicho, ndiyo maana munganga anapaswa kupima unene wake kwanza: kioo chembamba, ao kinachochongoka, hakifai kuguswa. Macho kukauka na taa kutawanyika usiku ni mambo yanayojulikana, na mgonjwa anapaswa kuyasikia mbele ya kutia sahihi, kwa luga anayoelewa.

Hapo ndipo kesi inaposimama ao kuanguka. Sheria haimdai munganga aponye kila jicho. Inamdai uangalifu na ufundi wa kazi yake. Jicho kuharibika peke yake halitoshi. Alipima? Alieleza? Ulipomrudia na maumivu, alikuangalia ao alikufukuza?

Kama ilitokea hapa Kongo, Kodi Penali inamgusa anayeumiza mtu kwa kukosa uangalifu, hata kama hakukusudia. Ni kifungu cha 52 na cha 54, na adhabu ni kifungo cha siku 8 mpaka mwaka 1, ao faini, ao vyote viwili. Unapeleka malalamiko kwenye parke. Kesi ya namna hiyo ni ya tribinali ya amani, na mgonjwa anaweza kuomba fidia mulemule.

Lakini kuna mtego, na tunaomba msomaji ausome mara mbili. Kwa kuwa adhabu kubwa haipiti mwaka 1, kifungu cha 24 kinasema kosa lenyewe linazeeka kiisha mwaka 1, na hesabu inaanza siku lilipotendeka. Mwaka mmoja Misisi ni nini? Barabara inakatika masika yote, unatafuta makuta ya safari, wazee wanakaa kikao cha kwanza, cha pili, opitali inasema "rudi kiisha mwezi." Ukishtuka, parke haina tena cha kufanya.

Njia ya madai ya fidia ndiyo yenye pumzi ndefu. Kodi Sivile, kitabu cha 3, ile ya tarehe 30/7/1888, kifungu cha 258, inasema mwenye kuleta hasara kwa kosa lake ailipe. Kifungu cha 260 kinamfikia pia bosi juu ya makosa ya wafanyakazi wake, basi opitali haiwezi kujificha nyuma ya munganga aliyehama. Muda wa jumla wa madai ni miaka 30. Shida ni umbali: tribinali ya amani inapokea madai yasiyopita faranga 2.500.000, na jicho la mchimbaji lina bei kubwa kuliko hiyo. Yanayozidi yanakwenda tribinali kubwa, Uvira. Asiye na makuta aombe atestasioni ya umaskini, na aulizie mashauri ya bure ya mawakili.

Oda ya Waganga nayo ipo tangu 1968. Inaweza kumsimamisha munganga kazi, makuta haikupi. Na kama "munganga" wako hayumo kwenye liste yake, hilo ni kosa lingine, la kupeleka parke.

Aliyepasuliwa Tanzania ao Kenya, kwa kawaida kesi yake inabaki kule. Nchi zote mbili zinatoa miaka 3 kwa madai ya namna hii, na kila moja ina baraza la madaktari linalopokea malalamiko. Opereshoni ikiwa ya mwaka jana, angali na nafasi.

Kuhusu mapatano ya nyumbani, hatuyadharau. Yamelisha watu wengi kuliko hukumu. Tunachokataa ni kupewa dola chache mlangoni na kuweka kidole kwenye karatasi usiyoisoma. Kwanza munganga mwingine aangalie jicho na aandike alichoona, na tarehe. Resi, fishi, ordonansi, karatasi uliyotia sahihi: omba kopi, piga foto na telefone, moja uiache kwa ndugu, maana nyumba za Misisi zinaungua. Kiisha hapo mkae na kuongea bei.