Mtoto wa punda ameumia kichwani: daktari anayemjua yuko wapi?

Na Mwandishi Wetu, Rusizi

Mizigo ya Kamembe husafiri kwa lori, kwa pikipiki, kwa baiskeli na kwa vichwa vya watu. Farasi na punda ni nadra huku magharibi mwa Rwanda. Mnyama wa kaya ni ng'ombe, mbuzi, nguruwe au kuku, na tangu mpango wa Girinka uanze mwaka 2006 kwa lengo la kuipatia familia maskini ng'ombe wa maziwa, ng'ombe ndiye mgonjwa anayetangulia katika mawazo ya kila daktari wa mifugo.

Kwa mwenye ndama, hiyo ni neema. Kwa yule mmoja mwenye mtoto wa farasi au punda, mambo ni tofauti. Siku atakapomkuta na kidonda cha ajabu kichwani, kidonda kisichojulikana kilianzaje, kisichofunga na kinachotoa majimaji kila asubuhi, atakuwa na maswali mawili kwa mpigo: hiki ni kitu gani, na ni nani hapa anayemjua mnyama huyu?

Jibu la swali la pili halimo katika wilaya moja wala nchi moja. Ujuzi wa kutibu farasi na punda upo Afrika Mashariki, lakini umetawanyika. Kwa mfugaji wa mpakani, kuupata kwa wakati ndio tofauti kati ya kovu na kaburi.

Mtoto mmoja, mwaka mzima

Punda hubeba mimba kwa karibu miezi 12, farasi kwa karibu 11, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Anayempoteza mtoto huyo amepoteza mwaka wa kungoja, na miaka mingine kadhaa kabla ya kupata mnyama wa kubeba maji, kuni au mazao.

Hasara hiyo inauma zaidi leo kuliko zamani. Nchini Kenya, sensa ya 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8, ile ya 2019 ilikuta takriban milioni 1.2. Katikati ya sensa hizo vilifunguliwa viwanda vya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi zinazopelekwa China kutengenezea dawa ya asili iitwayo ejiao. Wizi wa punda ukaongezeka, serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku mwaka uliofuata. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Mnyama aliyedharauliwa kwa vizazi vingi sasa analindwa na azimio la marais. Lakini azimio halishoni jeraha.

Jina la kidonda kabla ya dawa

Kosa la kawaida la wafugaji ni kukimbilia dawa kabla ya kujua ugonjwa. Oili chafu ya gari, majivu, unga wa betri na dawa ya rangi ya zambarau humwagwa juu ya kidonda chochote. Kichwani mwa mtoto wa farasi au punda, vidonda vinavyofanana kwa macho vinaweza kuwa na asili tofauti kabisa.

Cha kwanza ni jeraha la kawaida: teke la mnyama mwingine, mabati, waya wa seng'enge, au mtoto aliyefungwa kamba kwa mara ya kwanza akasimama kwa miguu ya nyuma na kuangukia kisogo. Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi ya damu, kwa hiyo jeraha hutoka damu ya kutisha, lakini hupona vizuri likisafishwa na kushonwa mapema. Hatari kubwa imo chini yake. Damu ikitoka puani au masikioni, mtoto akipepesuka, akiinamisha kichwa upande mmoja au akizunguka mahali pamoja, huenda fuvu limepasuka.

Cha pili ni kidonda cha kamba. Mtoto hukua haraka, kamba ya kichwani haikui. Iliyofungwa vizuri mwezi wa kwanza huanza kukata ngozi juu ya pua au nyuma ya masikio miezi michache baadaye, kisha nyama huifunika. Mwenye mnyama huona mstari wa usaha uliozunguka kichwa na kudhani ni ugonjwa. Hakuna dawa itakayouponya mpaka kamba itolewe, na kuitoa ni kazi ya daktari mwenye dawa ya kutuliza maumivu.

Cha tatu ni jipu lililopasuka chini ya taya au kooni. Linaweza kuwa dalili ya maambukizi ya bakteria yanayowashambulia farasi na punda, hasa wachanga, na kuanza kwa homa na makamasi mazito. Usaha wake huwaambukiza wengine kupitia ndoo ya maji, kamba na mikono ya watu. Huyu hutengwa siku hiyo hiyo.

Cha nne ndicho cha ajabu kuliko vyote. Farasi mchanga hutokewa na uvimbe mgumu chini ya sikio, kisha tundu dogo kwenye ukingo wa sikio linalotoa maji ya kunata. Hupakwa dawa, hukauka, hufunguka tena. Picha ya eksirei huonyesha jino. Wakati wa kuumbika tumboni, chembe zilizopaswa kujenga jino zilipotea njia zikabaki karibu na sikio, na wakati mwingine jino hilo huwa limeshikamana na mfupa wa fuvu. Tiba yake ni upasuaji chini ya nusukaputi. Mwenye farasi anaweza kumaliza duka zima la dawa za kupaka, na jino likabaki palepale.

Cha tano hakitakiwi kusubiri hata saa moja: kidonda cha kung'atwa. Mbwa au mnyama wa porini akimuuma mtoto kichwani, virusi vya kichaa cha mbwa vina safari fupi kufika kwenye ubongo. Mnyama atengwe, asifunguliwe kinywa kwa mikono mitupu, na kila aliyeguswa na mate yake pale penye mchubuko aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya.

Lugha ilikwisha kutuonya

Waswahili waliuita ugonjwa wa kukaza misuli pepopunda. Jina hilo tunalitumia hospitalini kwa watoto wachanga na kwa waliokanyaga misumari, tukasahau kwamba punda yumo ndani yake. Farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika kwa urahisi zaidi na sumu ya bakteria wa pepopunda. Bakteria hao huishi kwenye udongo na kinyesi, na hustawi ndani ya kidonda chenye tundu dogo na kina kirefu, kisichopata hewa.

Dalili huja siku kadhaa hadi wiki chache baada ya jeraha, pengine kidonda chenyewe kikiwa kimekwisha kufunga. Shingo hukakamaa, masikio husimama, mkia huinuka, taya hukaza, na mnyama hushtuka kwa kelele ndogo au mwanga. Akifika hapo, wengi hawaokolewi.

Kwa hiyo swali la kwanza la daktari mzuri huwa hili: mama yake alichanjwa? Mama aliyechanjwa hupitisha kinga katika dang'a, yale maziwa ya kwanza, ikiwa mtoto aliyanyonya vya kutosha saa chache baada ya kuzaliwa. Kama hakuchanjwa, au hakuna ajuaye, daktari huamua kuhusu sindano ya kukabili sumu hiyo.

Kabla daktari hajafika

Mtoto asitenganishwe na mama yake. Atahangaika na kuongeza jeraha. Damu izuiwe kwa kukandamiza kitambaa safi. Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Ngozi inayoning'inia isikatwe, maana daktari anaweza kuirudisha. Kitu kilichochoma kwa kina kisichomolewe.

Kisha mtazame anavyonyonya. Mtoto wa siku chache hunyonya mara kadhaa kila saa, na aliyeacha kunyonya yuko hatarini hata kama kidonda chake ni kidogo.

Asipewe dawa iliyobaki ya ng'ombe. Monensini, inayochanganywa katika baadhi ya vyakula vya ng'ombe na kuku, huua farasi na punda hata kwa kiasi kidogo. Punda naye si farasi mdogo: mwili wake huondoa baadhi ya dawa za maumivu haraka zaidi, kwa hiyo dozi za farasi hazimfai sikuzote.

Mlolongo wa msaada

Rusizi, mlango wa kwanza ni daktari wa mifugo wa sekta. Hata kama farasi wa mwisho alimuona shuleni, anajua kusafisha, kushona, kuchoma sindano na kuchukua sampuli. Hatua inayofuata iko mbali. Maabara ya taifa ya mifugo iko Rubirizi, Kigali, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara inayokatiza msitu wa Nyungwe. Shule ya udaktari wa mifugo ya Chuo Kikuu cha Rwanda iko Nyagatare, kona ya pili ya nchi.

Wakati huohuo mji huu unatazamana na Bukavu ng'ambo ya mto, na kusini yake, kupitia Bugarama, iko Burundi. Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo mwaka 2022. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama kutambua vyeti vya taaluma vya wenzao, na madaktari wa mifugo ni miongoni mwa wanataaluma wachache waliokwisha kupata makubaliano yao, pamoja na wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi.

Kumvusha mnyama mgonjwa ni shughuli nyingine. Anahitaji kibali na cheti cha afya, na afya ndiyo hasa aliyoikosa. Zaidi ya hayo, mipaka hufungwa: Burundi iliufunga wa kwake na Rwanda Januari 2024. Picha haifungiwi mpaka. Picha tatu za kidonda, moja ya karibu, moja ya kichwa kizima na moja ya mnyama akiwa amesimama, pamoja na video fupi akitembea, umri wake, joto la mwili na historia ya chanjo, zinaweza kutumwa na daktari wa sekta kwa mwenzake wa Kabete, Morogoro au Makerere, ambako vyuo vya mifugo vina historia ndefu. Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, kinatosha kwa mazungumzo hayo.

Lamu inaonyesha kinachowezekana ujuzi ukiwekwa pale alipo mnyama. Katika mji huo wa vichochoro ambamo punda ndiye usafiri, shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary lilianzisha kliniki mwaka 1987, ikitibu punda bila malipo. Mwenye punda wa Lamu alijua pa kumpeleka.

Rusizi haihitaji kliniki ya punda. Wanyama wenyewe ni wachache mno. Inahitaji kitu cha bei ndogo: orodha moja ya madaktari wa Jumuiya wanaowajua farasi na punda, na namba zao, iliyotolewa na mabaraza ya madaktari wa mifugo na kubandikwa katika kila ofisi ya mifugo ya mpakani. Makubaliano yalikwisha kutiwa saini. Bado daktari wa sekta hajapewa namba ya kupiga.