CRP imepanda: je, ni moyo?

Karatasi ya labo ikitoka imeandikwa CRP 60, na mgonjwa analalamika kifua, jamaa wanaanza kuhesabu mbuzi wa kuuza ili apelekwe Kindu au Bukavu. Mwingine karatasi yake inasema CRP iko sawa, anarudi nyumbani akiwa ametulia. Wote wawili wanaweza kuwa wamekosea, na huyu wa pili ndiye aliye katika hatari zaidi.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini. William Tillett na Thomas Francis waliigundua mwaka 1930 huko New York, ndani ya damu ya wagonjwa wa kichomi. Mwili ukivamiwa na vijidudu, au ukiumia, ini linaanza kuimwaga kwenye damu baada ya masaa kama sita, na siku ya pili inafika kilele. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida iko chini ya miligramu 5 kwa lita moja ya damu. Kichomi kikali kinaweza kuipitisha 100. Lakini CRP ni moshi tu: inaonyesha kuna kitu kinaungua, haisemi ni nyumba gani. Malaria inaipandisha. Kifua kikuu, jipu la jino, kidonda cha mchimbaji dhahabu aliyejikata mguu kule Kabambare, vyote vinaipandisha.

Sasa moyo unaingiaje? Mishipa inayolisha moyo ikianza kujaa mafuta, kuta zake zinavimba pole pole kwa miaka, bila homa yoyote. Mwaka 1997 Paul Ridker na wenzake wa Boston walionyesha kwamba wanaume wazima waliokuwa na CRP ya juu kidogo ndio waliopata zaidi mshtuko wa moyo miaka iliyofuata. Hapo kinatumika kipimo kikali zaidi kuliko kile cha kawaida: chini ya 1 hatari ni ndogo, kati ya 1 na 3 ni ya wastani, juu ya 3 ni kubwa. Na ikipita 10, wataalamu wa Marekani walishauri mwaka 2003 kwamba kirudiwe baada ya wiki mbili, kwa sababu pengine kuna ugonjwa mwingine unaoisumbua damu. Kasongo, ambako malaria haichukui likizo, ile 60 ya kwenye karatasi haiwezi kusomwa kama habari ya moyo.

Tena kipimo hiki kinatabiri miaka ijayo; hakielezi maumivu ya leo. Mtu ambaye mshipa wa moyo umeziba masaa mawili yaliyopita, CRP yake inaweza kuwa bado iko chini kabisa.

Kujua kama damu inafika kwenye msuli wa moyo, kuna kipimo kingine. Mgonjwa anatembezwa haraka juu ya mashine, au anapewa dawa ya kuusukuma moyo, halafu anachomwa sindano ya teknesiamu, dawa yenye mionzi kidogo. Kamera maalum inaangalia dawa hiyo imefika wapi. Picha ya moyo ukifanya kazi inalinganishwa na ya moyo ukipumzika. Sehemu inayokosa damu wakati wa kazi tu, mshipa wake umebanwa. Inayokosa mara zote mbili mara nyingi ni kovu, imekwisha kufa.

Hapa Maniema kamera hiyo haiko, na shida si bei peke yake. Teknesiamu inapoteza nusu ya nguvu yake kila masaa 6. Baada ya siku moja imebaki sehemu moja ya kumi na sita, na wakati wa mvua siku moja inaweza kuishia njiani kati ya Kabambare na Kasongo. (Ajabu ni kwamba tanuri la nyuklia la kwanza Afrika liliwashwa Kinshasa, mwaka 1959.)

Kinachobaki ni cha karibu zaidi: maswali ya mwuguzi, presha, kipimo cha umeme wa moyo pale mashine iko, na troponini, protini inayovuja kutoka msuli wa moyo wenyewe ukiharibika. Anayesukuma baiskeli ya mchele na kifua kinamuuma akiguswa, mara nyingi ni misuli. Maumivu mazito ya kubana katikati ya kifua, yanayopita dakika 15, yakienda mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho baridi, hayangoji CRP: twende kituoni saa ile ile.

Huko mhudumu anaweza kutoa aspirini ya kutafuna, akishauliza kwanza kuhusu mzio na vidonda vya tumbo. Utafiti wa mwaka 1988, wenye wagonjwa zaidi ya 17,000 wa mshtuko wa moyo, ulionyesha kwamba aspirini kila siku kwa mwezi mmoja ilipunguza vifo vya wiki tano za kwanza kwa zaidi ya moja ya tano. Mgonjwa akihamishwa, jamaa wahakikishe saa maumivu yalipoanza imeandikwa kwenye karatasi ya uhamisho. Munganga wa mbele ataiuliza kabla ya CRP.